Dawa za Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya sala, watoto wa Mama walikuja kula wali wa nyama na kumletea dawa. Mama ni bibi mzee niliyeajiriwa kumtunza hapa Doha. Wafanyakazi wote wa nyumba ile tulimwita hivyo. Kwa watoto wake, kumtembelea mgonjwa mikono mitupu ilikuwa aibu, na kwa kuwa siku hizo Mama hakutaka tena udi wala vitambaa, kila mmoja alifika na pakiti ya vidonge kutoka kwa daktari wake mwenyewe. Mkubwa wao alikuwa na bingwa wa moyo. Binti wa katikati alikuwa na bingwa wa mifupa aliyesomea Ujerumani, na Ujerumani ilitajwa kila pakiti ilipofunguliwa. Dada yake, ambaye hakuwahi kukubali kupitwa, alikwenda mtaa wa Al Sadd akajitafutia daktari wa usingizi.

Madaktari hao hawakujuana, na hakuna mtoto aliyethubutu kusema dawa ya nduguye iachwe. Kuiondoa dawa ya kaka ingekuwa kumwambia kaka kwamba hampendi mamake. Basi dawa ziliongezeka, na Mama akalala. Alilala kitini, alilala kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, alilala huku wanawe wakimbusu paji la uso na kusifiana jinsi wanavyomjali. Nilipowaambia kwamba anapepesuka akisimama, walinishukuru sana. Ijumaa iliyofuata wakaleta kidonge cha kuongeza nguvu.

Kilichonikera ni kwamba kila asubuhi baada ya sala, kabla sijampa vidonge, Mama alikuwa macho kabisa, tena mkali. Aliiponda kahawa yangu, akisema hainyweki. Aliniuliza kwetu Kenya mvua imenyesha au bado. Kisha alirudia ombi lake lile lile.

"Binti yangu, nataka kukaa na wanangu nikiwa macho."

Ndipo kitinda mimba wake akaja likizo kutoka Kanada, na ndevu mpya na elimu mpya. Alinifuata jikoni, akatoa kichupa mfukoni. Yalikuwa mafuta ya bangi. Alivyoyapitisha uwanja wa ndege sikumuuliza, kwa sababu sikutaka kujua. Akanieleza kwamba huko kwao kupya madaktari huwaandikia wazee mafuta hayo kwa maumivu na usingizi, na kwamba wapo walioweza kuacha baadhi ya dawa zao. Huenda ni kweli, mimi si daktari. Nilimsikiliza mpaka mwisho nikingoja ataje ni dawa gani ya Mama tutakayoiondoa, na hakutaja hata moja. Alikuja kupunguza dawa kwa kuongeza nyingine, sawasawa na ndugu zake, ila yake ilikuwa na kifungo cha jela ndani.

Tena alitaka nimfichie chumbani kwangu na niwe ninampa Mama mimi. Akatabasamu, akasema sisi Wakenya kitu hiki tunakijua. Nilikataa kukigusa. Akakirudisha mfukoni, akaniambia nifikirie mpaka Ijumaa.

Sikuhitaji kufikiria, lakini nilimpigia rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi ya ulinzi Lusail.

"Wee, wakikupata na hiyo kitu, yeye watasema ni kijana ameharibiwa na Wazungu," akaniambia. "Na wewe watasema nini? Mwambie ampee mwenyewe."

Ijumaa nikamwambia hivyo hivyo: kama ni dawa, ampe mamake mwenyewe, mbele ya ndugu zake. Nilidhani ataogopa. Kumbe kiburi kilimzidi woga, akakiweka kichupa mezani kati ya wali na kachumbari, akakitaja kwa jina.

Mkubwa alikinyakua, akamwaga mafuta kwenye sinki, na akaacha maji yatiririke muda mrefu. Binti wa Ujerumani alifunga madirisha. Kisha wakamgeukia wote, wakamuuliza ana akili gani kutaka kumlevya mama yao mzazi. Mama wakati huo alikuwa amelala pale pale mezani, kidevu kifuani, punje za wali kwenye shela yake.

"Mtazameni," kitinda mimba akasema. "Nani amemlevya?"

Sikumpenda yule kijana na bado simpendi, lakini kwa neno hilo ningempa mkono.

Aibu iliwapeleka mahali ambapo maneno yangu hayakuwafikisha. Dawa zote zilitiwa kwenye mfuko mmoja, zikapelekwa kwa daktari mmoja wa wazee. Huyo aliziondoa polepole, wiki baada ya wiki, akianza na zile za usingizi, na akawakataza wasiongeze chochote bila kumuuliza. Mama akaamka. Alisimama bila kushikwa, akaniondoa kwenye birika, na kahawa ya nyumba ile ikanyweka.

Ila sasa Ijumaa hakukuwa na cha kuleta. Mkubwa alipata mkutano, siku ambayo Doha nzima haifanyi kazi. Binti wa Ujerumani alikwama kwenye foleni. Dada yake alimtuma dereva na keki. Kitinda mimba, aliyekwisha kurudi Kanada, alituma kidole gumba kwenye simu. Mama alikaa sebuleni amejipamba, vikombe vimepangwa, yu macho kabisa.

"Leo si Ijumaa?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, ni Ijumaa.

Akavitazama vikombe. "Wapigie simu. Waambie sikulala."

"Lakini Mama, umelala vizuri mpaka alfajiri."

"Waambie."

Niliwapigia. Kabla ya alasiri walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja na pakiti yake na sifa za daktari wake. Mama alizipokea zote kwa heshima, akaziweka chini ya mto, akawamiminia kahawa kwa mkono usiotetemeka. Aliuliza habari za kila mjukuu. Walikaa mpaka magharibi, na hakuna aliyegundua kwamba mgonjwa ni mzima.

Walipoondoka, alinipa zile pakiti nikazipeleke kwa yule daktari wa wazee.

"Ijumaa ijayo," akasema, "waambie ni goti."