Nilivyolipiga Riveti Gari la Marehemu Shemeji

Wacha niseme mapema, kabla mtu hajaanza kunitetea: kosa ni langu. Si la fundi, si la matuta ya Mwihoko, na si la punda. Punda hakujua kitu. Mimi niliambiwa, nikasikia vizuri, na bado nikafanya.

Jina langu liacheni. Mkilijua hamtanunua gari kwangu tena, na watoto bado wanakula.

Mimi ni broka wa magari hapa Ruiru. Nimeuza vigari vya kubebea mayai, nimeuza pikapu zilizochoka kubeba mananasi kule Thika. Naweza kukuuzia gari lisilo na gia ya kurudi nyuma na ukaondoka ukinishukuru. Hesabu zangu huwa nazipiga mara mbili: ya kwanza nijue faida, ya pili nifurahi.

Sasa nina dada yangu mkubwa. Tumwite Mama Ciru, si jina lake. Mume wake aliaga mwaka jana, akamwachia nyumba katika mtaa wa Kahawa Sukari, mkopo wa benki ulioshikilia hiyo nyumba, na gari.

Gari lenyewe, jameni! La Kiitaliano, la mbio, milango miwili, injini nyuma chini ya kioo kama samaki wa hotelini. Lilikuwa chini hivi kwamba mbwa wa jirani alikuwa akilitazama kutoka juu. Marehemu alikuwa mtu wa kiasi katika kila jambo isipokuwa hilo. Alilinunua likiwa limetumika kidogo, akalifunika blanketi, akalifungia gereji.

Benki ilipoanza kupiga simu, Mama Ciru aliniita.

"Liuze," akaniambia. "Bei yangu ni hii. Ikilipwa, nyumba inabaki. Ya juu ni yako."

"Ya juu yote?"

"Yote. Lakini liuze vile lilivyo. Usiongeze kitu. Baba Ciru hata kibandiko cha bima alikuwa anakibandika kwa uchungu."

Ya juu ni yako! Ndugu zangu, broka msimwambie hayo maneno. Ni kama kumwachia fisi ufunguo wa bucha na kumwomba apige deki.

Mnunuzi nilimpata haraka. Tumwite Bwana Muturi. Ni mzee wa Nairobi anayekusanya magari ya aina hiyo na kuyaweka ndani bila kuyaendesha. Bei ya Mama Ciru aliikubali kwa simu bila hata kukohoa. Hapo ndipo shetani aliponikalia begani. Mtu akikubali bei bila kukohoa, mimi huhisi nimeibiwa.

"Liko vile lilivyotoka kiwandani?" akauliza.

"Mzee, ukifika utalipata bora kuliko hapo."

Akacheka. Nami nikacheka. Kumbe kila mtu alikuwa anacheka jambo lake.

Alikuwa safarini, angekuja baada ya wiki mbili. Nikasema, wiki mbili zinatosha kuliongezea thamani.

Nikalitoa Kahawa Sukari kulipeleka kwa yadi yangu Mwihoko. Tuta la kwanza, likakwama. Mbele imeshuka, nyuma haijapanda, tumbo limelala juu ya tuta kama ng'ombe aliyegoma. Akina mama wa mboga wakaacha sukuma wiki zao, watu wa bodaboda wakashuka, tukalibeba kwa mikono.

"Buda, hii ni gari ama ni mkeka?" mmoja akaniuliza.

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaketi juu ya gunia la viazi. Nikaona aibu. Nikawaza: gari lisiloweza kuvuka tuta la Mwihoko, mtu mwenye akili atalinunulia nini? Hilo ndilo swali lililoniua. Nilimwuliza kila mtu isipokuwa mnunuzi.

Fundi wangu Karis akaliinua. Aliweka vipande vya chuma juu ya springi, likasimama kama msichana aliyevaa viatu virefu mara ya kwanza.

"Boss, sasa hii inafika hadi Gatanga mvua ikinyesha," Karis akasema.

"Na tairi?"

"Hizo tairi sasa zinakaa shilingi chini ya meza. Weka kubwa."

Nikaweka kubwa. Rimu za kiwandani, zote nne, zikabaki kwenye kona ya yadi. Kim, yule jamaa anayetuletea maji kwa mkokoteni wa punda, akaziona.

"Hizi unatupa?"

Mimi situpi kitu! Tukaongea, tukavutana, tukakubaliana: yeye achukue rimu, mimi niletewe maji bure miezi mitatu. Nikahesabu mitungi mara mbili. Usiku huo nilioga kama mtu mwenye mto wake.

Kutoka hapo sikushikika.

Mnajua nchi hii. Ukiegesha gari dakika chache, unarudi vioo vya pembeni vimeenda kwao. Kwa hivyo sisi sote huchora namba ya gari kwenye vioo kwa kuikwaruza isifutike na kuvipiga riveti visitoke. Ni desturi. Hata gari la pasta lina riveti. Nikasema, gari la thamani hivi bila riveti ni kumtukana mwizi.

Riveti nane kila upande. Nilizihesabu, halafu nikazihesabu tena kwa sababu nilikuwa nalipia kila moja.

Wa kuchora namba naye akataja bei ya kila kioo. Nikamwambia, ukichora vingi utanipunguzia? Akasema ndiyo. Haki ya Mungu, punguzo lilikuwa zuri hivi kwamba nilianza kutafuta vioo! Akachora madirisha, taa za mbele, taa za nyuma, kioo cha ndani cha kujitazama. Vilipoisha nikamwonyesha kile cha juu ya injini. Akachora namba hapo kubwa, kwa moyo wote, na kwa bei ya nusu.

Mbele nikafunga chuma kilichotoka kwenye lori la ng'ombe. Viti nikavivisha nguo zenye manyoya.

Ilibaki rangi. Lilikuwa la kijivu kama asubuhi ya Julai, nami nilitaka jekundu. Fundi wa rangi akataja bei, nikataja yangu, akakataa. Nikaondoka polepole vile mtu huondoka akingoja kuitwa. Hakuniita. Nikafika hadi barabarani nikajifanya nafunga viatu. Hakuniita! Nikarudi nyumbani na gari la kijivu, nimemkasirikia.

Muda huo wote Mama Ciru alikuwa anapiga simu.

"Gari iko aje?"

"Iko sawa dada. Inaoshwa."

Na kesho yake: "Gari?"

"Inaoshwa."

Nilijua nadanganya. Lakini nilijiambia, akiona pesa atasahau.

Bwana Muturi akaja. Mzee msafi, kofia, viatu vya kung'aa. Akasimama langoni akatazama yadi yote.

"Gari liko wapi?"

"Ndilo hilo mzee."

"Hapana, lile la Kiitaliano."

"Ndilo hilo."

Akalizunguka, akalizunguka tena. Akagusa riveti kwa kidole kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akatoa mfukoni kamashine kadogo ka kupima rangi, akakaweka mlangoni, kakalia. Akakaweka kwenye paa, kakalia tena.

"Rangi ni ya kiwandani," akasema. "Rangi hukuigusa. Kwa nini?"

Sikumwambia. Ubahili wangu ndio kitu pekee kilicholitetea lile gari.

"Mzee, kama ni manyoya, natoa sasa hivi," nikasema.

"Toa."

"Na hiki chuma cha ng'ombe."

"Toa. Na hivyo vyuma vya springi. Vya kufunguliwa kwa spana havinisumbui, vinafunguliwa vinasahaulika. Vioo je?"

"Tutanunua vingine."

"Wapi?"

Nikaanza kutafuta namba za wauza vioo kwenye simu.

Akaniinamisha kwenye dirisha, akanionyesha alama ndogo pembeni, chini kabisa. "Kila kioo cha gari hili kina alama ya kiwanda na ya mwaka wake. Mtu kama mimi hulipa kwa sababu alama zote zinaoana na hakuna mkono uliopita juu yake. Ya kuendesha yako mengi, kijana. Ambayo hayajaguswa ndiyo machache. Wewe ulikuwa na moja."

"Lakini sasa haliwezi kuibwa," nikajitetea.

"Kweli," akasema. "Nani ataliiba?"

Wueh! Nilitamani tuta linimeze.

Akauliza rimu. Akasema kama rimu zake zipo, bado kuna kitu cha kuokoa. Nikapiga simu mbio, Kim akasema yuko barabara ya kwenda sokoni na maji. Tukaingia kwa gari la Bwana Muturi kumfuata.

Tulimwona kwa mbali. Mkokoteni wa punda, mitungi ya buluu imepangwa, na chini yake zinazunguka rimu za gari la mbio la Kiitaliano zikimeta kwa jua! Na mnisamehe, ulikuwa unapita vizuri. Haukupiga kelele hata kidogo.

"Kim, hizo rimu nazitaka," nikamwambia.

Kim akamtazama Bwana Muturi, kofia hadi viatu. Mimi nikajua nimekwisha. Hayo macho ni yangu! Ndiyo ninayoyatumia kazini.

"Shida ni punda," akasema. "Amezoea."

"Amezoea nini?"

"Spidi. Nikimrudishia zile za zamani atagoma. Itabidi ninunue punda mwingine, na punda siku hizi si bei rahisi, mzee."

"Nyingine mbili ziko wapi?" Bwana Muturi akauliza.

"Ziko nyumbani. Hizo ni spea."

Nilikuwa nimeshaanza kumbembeleza, nimemwita ndugu, nimemkumbusha watoto wetu wanasoma pamoja, Bwana Muturi alipopiga magoti vumbini na suruali yake safi. Akachungulia nyuma ya rimu.

"Wamekata katikati," akasema polepole. "Wamechomelea chuma."

"Na imeshika!" Kim akasema kwa fahari. "Zote nne. Tikisa uone, mzee. Haiendi mahali."

Bwana Muturi hakutikisa. Alisimama, akampapasa punda shingoni, akarudi kwa gari lake.

Pale pale barabarani akanipa bei mpya. Nusu. Akasema atalichukua kwa ajili ya injini na rangi, na atatafuta vioo ng'ambo mpaka azeeke. Nikataka kubishana, kwa mazoea tu. Badala yake nikampa mkono.

Kwenda kwa Mama Ciru nilienda kwa miguu ili nichelewe. Nilimkuta anaanika nguo uani. Nikamweleza yote, hadi punda. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Nusu?"

"Nusu, dada."

"Na ulikuwa unaniambia linaoshwa."

"Ndiyo."

"Siku zote hizo, linaoshwa."

Akaendelea kuanika. Alipomaliza akaniambia kitu ambacho sijakimaliza kukisikia hadi leo.

"Baba Ciru alikuwa anaingia ndani ya lile gari Jumapili, anakaa tu. Haliwashi. Nikimuuliza unafanya nini, ananiambia, napumzika mahali ambapo hakuna kitu cha kurekebisha."

Ngai! Mimi nikapiga mahali hapo riveti.

Nusu ile yote ilimezwa na benki na haikutosha. Nyumba ikauzwa. Mama Ciru alihamia chumba kimoja na jikoni Kahawa Wendani, ghorofa ya tatu, katikati ya wanafunzi wanaopiga muziki mpaka madirisha yanaitikia. Kodi namsaidia kulipa mimi. Hakuniomba. Hata asante hasemi, na sitaki aseme.

Siku ya kuhama, kochi lake kubwa, lile la harusi, lilikataa kupita mlangoni. Tulilijaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa mgongo. Wanafunzi wakatoka kutusaidia kwa maneno.

Nami, Mungu anisamehe, nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Tukikata miguu kidogo tu, na huku pembeni..."

Mama Ciru akageuka. Ciru, binti yake, akaweka chini sufuria alilobeba.

"Mjomba," akasema, "nenda usimame kule chini kwa lango."

Nikaenda. Nilisimama langoni saa nzima nikilinda ndoo. Niliporudi, kochi lilikuwa ndani. Walikuwa wameng'oa mlango, wakaliingiza, wakarudisha mlango. Lilikuwa zima, halina mkwaruzo.

Sasa sikieni, hasa nyinyi mabroka wenzangu. Kitu cha mtu kikija mkononi mwako, usikirembe kwa jicho lako. Muulize mnunuzi anataka nini, na muulize mwenyewe, na ukishajibiwa, kaa kimya na mikono mfukoni. Ukibanwa kabisa ufanye kitu, fanya cha kufunguliwa kwa spana. Kilichochorwa kwenye kioo na kilichochomelewa kwa moto hakirudi, hata ulie vipi.

Mama Ciru bado ananikaribisha. Nikifika, ananipa chai na kunionyesha pa kukaa. Nakaa hapo hapo aliponionyesha, mikono kwenye magoti, mpaka nitakapoambiwa niende.