Ushuhuda Kila Nikiwasha Simu

Haki, mama yangu alinikomesha. Nilikuwa namalizia kitabu kuhusu kazi ambazo watu hufanya kwa lugha: kuomba, kukataa, kuagiza, kubembeleza. Nilitaka mifano ya Kimeru cha nyumbani, siyo ile ya kutungwa darasani. Na nani anakijua kama mama? Tena muda haukuwepo. Alikuwa anangoja kupasuliwa koo hospitalini Meru mjini, na daktari alishatuambia huenda sauti isirudi.

Nikatoka Embu, ninakofundisha, nikaenda kwetu Githongo. Nikamkuta jikoni akimgombeza jirani kwa Kimeru kitamu, eti mbuzi wake ameingia kwenye kahawa. Nikawasha simu nirekodi. Wee! Mama akafungua leso kiunoni, akaweka kitambaa cha kichwa sawa, akasimama wima.

"Bwana asifiwe!" Kwa Kiswahili. "Mimi ni mama ya mwalimu, nimeokoka, na ninampenda Yesu kama mwokozi wangu."

Kwetu ukimwonyesha mtu kitu cha kunasa sauti, umemwitia ushuhuda wa kanisani. Hilo nalijua. Lakini mama mzazi, wiki nzima? Nikaficha simu nyuma ya birika, akaiona. Nikampa viazi amenye, nikamwuliza habari ya shamba. "Bwana asifiwe tena!" Nilitoka nje nikapiga ndoo teke.

Siku ya kwenda hospitali nikalipuka. "Mama, tafadhali! Sema tu vile unasemanga. Niitishe chumvi. Nitume kuni. Kitabu kinakungoja!"

Akanitazama, kisha akanijibu kwa Kimeru, taratibu, koo likimkwaruza: "Sauti yangu inaenda, na wewe unataka ile itakayobaki iwe ya kuitisha chumvi?"

Nikainua mkoba wake wa hospitali. Simu ilikuwa bado inarekodi.

Alipasuliwa, na sauti haikurudi. Kitabu kilitoka, na maneno yake hayo ya chumvi ndiyo mfano wa kwanza kwenye sura ya kukataa. Wanafunzi wangu huyachambua vizuri sana. Mimi hutazama dirishani.

Nikienda nyumbani, mama hunipa chai, halafu hunigusa mfuko wenye simu. Naiwasha, "Bwana asifiwe!" inajaa jikoni, na yule jirani wa mbuzi anaitikia, "Amina!" Mama anatabasamu, anaendelea kumenya viazi. Chumvi siku hizi ananionyesha kwa kidole.