Bomba la Fundi

"Nati za siku hizi zimekuwa kaidi," fundi wa magari wa mtaani kwetu huniambia, nami humkubalia kwa huruma zote. Nati kweli hazina adabu. Zamani alizifungua kwa spana tupu huku akipiga soga. Kisha akaanza kuchomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili azitie adabu, bomba la urefu wa mkono. Mwaka huu limefika kimo cha mtu mzima. Akitoka uvunguni mwa gari hujivuta kwa bampa, halafu hubaki ameshika bampa hilo kana kwamba analikagua.

Mwezi uliopita mkewe alimletea chupa ya chai. Fundi akazungusha kifuniko mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Chupa mbovu hii, mama watoto." Mkewe akaipokea, akaifungua kwa vidole viwili, akammiminia bila kumtazama usoni. Tangu siku hiyo chupa hufika kifuniko kimeegeshwa tu na chai imepoa, na fundi humgombeza mbele yetu sote: "Hata kufunga chupa umeshindwa?"

"Nisamehe, baba watoto," mkewe hujibu. "Ni uzee, mikono haina nguvu."