Kitambaa cha Mraba na Inchi Tatu

Jirani yangu pale Bagara alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na alikuwa akijiandaa kurudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kwa mara ya tatu. Masomo mengine alishafaulu. Chuo cha uuguzi alichokitaka kilidai angalau D ya hesabu, naye alikuwa ameapa kwamba akishindwa safari hii anaacha kabisa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo kila Jumamosi mchana, akishatoka kupalilia maharage yake shambani kule Nakwa, nilipeleka stuli kibarazani kwake tukasoma kando ya cherehani.

Alikuwa mwepesi kuliko alivyojidhania. Sini, kosini na tanjenti alizishika kwa wiki moja, maana pembetatu alikuwa akizikata kila siku kwenye sketi za watu. Kilichomshinda ni mabano yenye kipeo cha pili. Nikimwandikia (x + 3)², anajibu bila kusita: x² + 9. Nilimwambia jibu ni x² + 6x + 9. Akalikariri. Jumamosi iliyofuata, x² + 9.

"Mwalimu, hiyo sita eksi huwa inatokea wapi?"

Ndipo nikatambua kwamba kwa majuma matatu nilikuwa nimempa jibu bila sababu. Nikaomba kitambaa cha mabaki. Akakata mraba mzuri kwa kukadiria kwa macho tu.

"Kila upande ni x," nikasema. "Mteja anataka uongeze inchi tatu, pande mbili tu, na mraba ubaki mraba."

"Mteja gani anaongeza pande mbili tu?"

"Ni kitambaa cha meza, na meza yake imesukumwa kwenye kona ya ukuta."

"Haya. Wateja wa hivyo ninao."

Nilitarajia akate vipande vitatu: viwili vya urefu wa x, na kimoja kidogo, tatu kwa tatu, cha kuziba kona. Ndivyo ninavyochora ubaoni miaka yote. Yeye akakata viwili, kimoja kirefu kuliko kingine, akavipanga.

"Umesahau kona," nikamwambia.

"Sijasahau."

"Sasa iko wapi?"

"Mwalimu, angalia kitambaa, acha kuangalia kitabu!" Alikuwa akicheka. "Kona imo humu kwenye kirefu. Nikiweka kiraka kidogo pale kitafumuka wiki ya kwanza, na mteja atakuja kunisema. Unaunga upande mmoja, unapima upya, ndiyo unakata wa pili."

Alikuwa sahihi kabisa. Kipande cha kwanza ni 3 kwa x. Cha pili ni 3 kwa x + 3, kwa kuwa kitambaa kimeshaongezeka.

"Andika hivyo hivyo ulivyokata," nikasema.

Akaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia: x² + 3x + 3(x + 3). Akafungua bano, akajumlisha, akaitazama ile 6x kwa muda.

"Kumbe siku zote nilikuwa naweka kiraka cha kona bila kuunga pande," akasema. "Kingeshikwa na nini?"

Nikampa (x + 5)². Akapata. Nikampa (2x + 3)², nikiwa na wasiwasi kidogo. Akakunja uso, akachora mraba wenye upande wa 2x, akaunga, akapima, akaunga tena: 4x² + 12x + 9.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, alinipa simu yake nimsomee, akageukia cherehani na kuanza kukanyaga. Nilipotupa jicho, sindano haikuwa na uzi.

"Hesabu, D," nikasema.

"Inatosha?"

"Inatosha."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja, akaniomba nisome tena, polepole, kuanzia namba yake ya mtihani.