Hajui Kitu, Mtamfunza Wenyewe

Wenzangu wakisikia harufu ya udi huwaza harusi. Mimi huwaza ofisi ya hoteli moja ya Mji Mkongwe, na dada yangu Zuwena kasimama, karatasi mkononi.

Baba yetu ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua za posa watu wa mtaani kwetu Mwanakwerekwe, na majibu yake pia. Basi Zuwena alipomaliza masomo ya hoteli na kutaka kazi ya mapokezi, nani mwengine amwandikie? Baba aliandika kutwa nzima, akaifukiza barua udi, akaikunja ndani ya hanchifu nyeupe, akavaa kanzu yake ya Ijumaa na kuipeleka mwenyewe. Zuwena hakuisoma. Angeanzia wapi kumkagua mzee?

Siku alipoitwa nilifuatana naye, maana aliniahidi aiskrimu. Meneja akamkabidhi ile barua.

"Hebu tusomee," akamwambia, na wafanyakazi wakajaa mlangoni.

Zuwena akasoma salamu ndefu, dua, na jina la babu. Kisha akafika hapa: "Mtoto wetu huyu hajui kitu. Tunakuleteeni hivyo hivyo, mtamfunza wenyewe."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Baba'ko mwenyewe kasema hujui kitu," meneja akasema. "Mimi nimbishie mzee mzima?"

Mpaka leo sijamsamehe meneja yule. Jioni ile picha ya barua ilishafika kwenye simu za mtaa mzima, na wenzangu wa chuo cha Kurani wakanibandika jina, Mtamfunza.

Zuwena hakulia. Alimkabili Baba barazani, mbele ya wageni wake.

"Baba, mimi sijui kitu?"

"Barua ya heshima ndivyo inavyoandikwa, mwanangu."

"Basi posa yangu ikija, usiijibu wewe."

Na kweli, ilipokuja alijibu ami yetu. Baba alishinda chumbani, na hakumwandikia mtu barua tena.

Mwaka jana, Baba keshazikwa, niliandika barua yangu ya kuomba kazi. Ilinibidi nijisifu: hodari, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza. Niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo katikati ya soko la Darajani, na hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtoto anayependwa hasifiwi mbele ya wageni. Hata kwenye majibu ya posa husemwa hajui kitu, ili anayempokea amuonee huruma, amtunze. Baba hakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo ya kumpa.

Nikampigia simu Zuwena, nikamweleza yote.

"Angelisema," akajibu, akakata simu.