Wanataka Niitikie Amina kwa Bunduki

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mama wa miaka 43, Mkongomani, nakaa Merrylands hapa Sydney na mume wangu na watoto. Kazi yangu ni kupanga maboksi kwenye ghala kule Wetherill Park. Naandika hapa kazini, saa ya mapumziko, machozi yananitoka.

Mchungaji wetu amekolea na wahubiri wa Marekani, kutwa anawatazama kwenye simu. Siku hizi tunafunga na kuomba eti Mungu aweke majaji wake kwenye mahakama kuu ya Marekani, wafute sheria zote za kuzuia bunduki. Anasema silaha ni haki iliyotoka mbinguni, na jaji anayeizuia anajitungia sheria yake mwenyewe. Jamani! Sisi watu tuliokimbia vita, tunaombea bunduki!

Jumamosi iliyopita, kwenye maombi ya kufunga, akasema wote tuitikie Amina kwa ombi hilo. Nikanyamaza. Akarudia huku ananikazia macho. Nikasimama nikamwambia, "Baba Mchungaji, hiyo siitikii. Kaka yangu alipigwa risasi ndani ya kanisa, Biblia mkononi." Akasema nina roho ya uasi. Akina mama wakanizunguka, wakanishika kichwa, wakanikemea pepo mimi! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Sasa mume wangu ni shemasi pale. Ameambiwa Jumapili hii nipige magoti mbele ya watu, nitubu na niitikie hiyo Amina, la sivyo anavuliwa ushemasi. Akaniambia, "Mama watoto, ni neno moja tu. Mambo ya Marekani yanatuhusu nini?" Nikamjibu, "Kama hayatuhusu, mbona tunashinda njaa kwa ajili yake?" Akakasirika, akasema nikikataa nitafute pa kulala. Binti yetu alisikia yote, akajifungia chumbani.

Mchungaji ningemsamehe, yeye hakumjua kaka yangu. Lakini mume wangu ndiye aliyembeba siku ile kumtoa kanisani, shati lake lote damu. Ndivyo tulivyojuana. Nilimpenda kwa sababu hiyo.

Leo asubuhi nimemkuta amelipiga pasi gauni langu jeupe, amelitundika mlangoni tayari kwa Jumapili. Hakuniangalia usoni. Ndugu zangu, nimechoka, akili imegota. Nishaurini, nilivae hilo gauni au nifungashe vyangu?