Nepi za Khanga za Mama

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu kama imetokea jana. Nakusimulia wewe uliyehamia juzi na kichanga chako chumba kinachopakana na changu, kwa sababu ukutani nasikia mengi, na mimi nina muda mwingi wa kusikia.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, naishi chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji hapahapa Kariakoo. Nilikuwa nimemzaa Zuhura, mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu Salehe alikuwa dereva wa malori, yuko safarini Mbeya. Mama alikuwa Kilwa, miguu haimbebi tena.

Kwetu mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake, akajifungua huko na kukaa mpaka arobaini itimie. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimejitia mtu wa mjini, eti mtu wa mjini harudi Kilwa kuzaa. Mama hakunigombeza. Alimpa ndugu mmoja aliyekuwa anakuja Dar furushi la khanga zake kuukuu na salamu: "Mwambie akate nepi. Nimezivaa mpaka zimelainika, hazitamchubua mtoto."

Unajua nilifanya nini? Nililisukuma furushi chini ya kitanda, nikanunua nepi za dukani, zile za kutupa. Sikutaka wapangaji wenzangu wazione khanga za Mama zilivyopauka, zinaning'inia kwenye kamba ya uani.

Nepi zenyewe siku hizo zilikuwa ghali, basi nikawa nazibania. Moja asubuhi, moja jioni. Nikiigusa kwa juu naona kavu, mtoto katulia, nikasema ala, kumbe ulezi wenyewe ndio huu! Wiki ya pili Zuhura akaanza kulia kila akikojoa. Nilipomfungua vizuri, masikini mwanangu, mapaja mekundu, ngozi imechubuka, inatoa majimaji.

Nikafunga mlango. Badala ya kuwaita watu, nilijifungia ndani! Niliogopa watasema nimeshindwa kulea. Siku mbili tulikuwa mle, mimi na yeye, tunalia wote wawili. Uani nasikia wenzangu wanakuna nazi, wanataniana, wanacheka. Nilitamani mno mtu aseme jina langu.

Aliyekuja kugonga ni Bi Tausi, mpangaji mkongwe wa nyumba ile, mwanamke wa sauti nzito asiyejua kumbembeleza mtu.

"Hodi! Fungua, mtoto analia tangu jana."

"Shikamoo, Bi Tausi. Ni tumbo tu linamsumbua."

"Marahaba. Haya nipe, nilitazame hilo tumbo."

Alimfungua, akaguna. "Hii nepi kavaa saa ngapi?"

Nikageuka, nikajitia kutandika kitanda.

"Nakuuliza wewe!"

"Alfajiri," nikasema. Na adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa.

"Basi usiisingizie nepi, kosa ni lako. Umemwacha mtoto kwenye mkojo kwa kuwa wewe humwoni amelowa. Kitambaa kikilowa utajua, hata kama hutaki kujua. Mama yako hakukuletea khanga?"

Nikainama, nikalivuta furushi. Nilipolifungua, chumba kizima kikanukia Mama, udi na mafuta ya nazi na moshi wa kuni. Nililia, mwanangu, nililia kuliko Zuhura.

Tulimpeleka kwanza kliniki, tukapewa dawa ya kupaka. Tuliporudi Bi Tausi akakaa mkekani na mkasi, anakata khanga na kunielekeza. Choo kisuuze kwanza, ndipo uloweke. Fua kwa sabuni ya mche, suuza mpaka povu liishe kabisa. Anika juani, si kivulini. Zikikauka piga pasi. Na mtoto akilowa, mbadilishe saa hiyohiyo, akauke kwanza ndipo umfunge nyingine.

Nepi zilipojaa kwenye kamba, wanawake wa uani wakajua nina kazi na sina msaidizi. Hakuna aliyecheka khanga kuukuu. Mmoja akaleta uji, mwingine akazianua mvua ilipotaka kunyesha. Baada ya siku chache ngozi ya Zuhura ikarudi laini.

Mama alifariki kabla arobaini yangu ya uzazi haijatimia. Baadaye nikasikia kwamba alimuuliza yule ndugu, "Uliziona kambani?" Naye, kwa kuwa alipita kwangu siku za mwanzo tu kabla ya kurudi Kilwa, akamjibu hapana. Hilo ndilo linaloniuma. Mama amekwenda akijua kwamba nilizikataa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukisafiri, ukivuka kwenda Kigamboni, mvishe nepi ya dukani, sikukatazi, ila uibadilishe mapema. Ukiwa nyumbani mfunge kitambaa cha pamba kilicholainika. Kinapitisha hewa, kinafulika, kitamfaa na mdogo wake, wala hakijazi taka mtaroni. Lakini kubwa zaidi, usilee kwa kujificha. Aliyekupa kitu kuukuu kwa mapenzi, kipokee, umwambie umekipokea, umwambie angali anasikia.

Zuhura ni mtu mzima, ananipigia simu kila Ijumaa. Salehe amekufa, Bi Tausi amekufa, na nyumba ile wamevunja, wamejenga ghorofa la maduka. Siku nyingine jua linazama sijazungumza na mtu. Kwa hiyo nepi zikikuzidi, niletee. Mikono yangu ina nguvu bado na haina kazi, nawe utakuwa umenisaidia mimi kuliko nitakavyokusaidia wewe.

Mungu amkuze mwanao na ngozi yenye afya, akupe wewe usingizi na watu wa kukugongea mlango, na mama yako, popote alipo, zimfikie habari zako njema angali hai.